Tabibu wa Munich na Kijidudu cha Kipindupindu

Tarehe 7 Oktoba 1892, katika mji wa Munich, mzee wa miaka 73 aliyekwisha kupata kila heshima ambayo ufalme wa Bavaria uliweza kumpa mtu wa elimu, alichukua bilauri ya maji iliyotiwa bikaboneti ya soda, akamimina ndani yake kiasi cha sentimita moja ya ujazo ya mchuzi uliooteshwa vijidudu vya kipindupindu, vijidudu vilivyotoka Hamburg ambako watu walikuwa wamezikwa kwa maelfu, kisha akainywa yote. Soda ile ilikuwa na sababu yake. Alijua vema kwamba tindikali ya tumboni aghalabu huua vijidudu hivyo kabla havijafika utumboni, naye hakupenda wapinzani wake wapate kusema baadaye kwamba tindikali ndiyo iliyomwokoa. Alitaka vipite vikiwa hai, vifike pale vilipodaiwa kufanya kazi yao ya mauti, ili ijulikane kama kweli vyatosha peke yao kumwua mwanadamu.

Mzee huyo alikuwa Max von Pettenkofer, naye hakuwa mtu wa mzaha wala mwenda wazimu. Maradhi ya kipindupindu aliyafahamu kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1854 Munich ilifungua maonyesho makubwa ya viwanda ndani ya jumba la vioo, na wakati wageni walipokuwa wakimiminika kutoka kila upande, maradhi yakazuka mjini; Malkia Therese, mama wa mfalme aliyekuwa akitawala, akafariki kwayo mwezi wa Oktoba, na Pettenkofer naye akaugua akapona. Alipopata nguvu alianza kuandika habari za wagonjwa nyumba baada ya nyumba, akatazama wapi maradhi yalipiga kwa ukali na wapi yalipita kwa upole, na kwa kadiri alivyozidi kutazama ndivyo ilivyozidi kumthibitikia kwamba jambo kubwa lilikuwa mahali, wala si mtu. Mwaka 1865 alipewa kiti cha kwanza cha elimu ya siha katika chuo kikuu cha Munich, na kwa muda wa miaka thelathini neno lake juu ya kipindupindu likawa kama hukumu isiyo na rufaa.

Fikira yake aliiandika kwa namna ya hesabu. Kipo kitu fulani, alisema, ambacho huchukuliwa na wasafiri kutoka nchi moja hadi nyingine, nacho akakiita x. Kipo kitu cha pili kilichomo katika mahali penyewe, katika udongo wake, unyevu wake na majira yake, nacho akakiita y. Na sumu yenyewe imletayo mtu kitandani, aliyoiita z, huzaliwa pale tu vitu viwili hivyo vikutanapo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mji wa Lyon nchini Ufaransa. Kila maradhi yalipozuka Paris au Marseille watu walikimbilia huko, na wengine walifika wakiwa wameshapatwa, lakini Lyon yenyewe haikupata kuwaka. Ikiwa x imeingia na maradhi hayakuenea, basi kilichokosekana lazima kiwe ni y. Na Pettenkofer akaitafuta y hiyo chini ya ardhi, katika kupanda na kushuka kwa maji yaliyomo udongoni.

Hapo katika udongo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa na gharama, maana kwa kuyakodolea macho maji ya chini ya ardhi aliyadharau maji ya kunywa. Hata hivyo ni haki kusema kwamba kosa hilo lilizaa matendo mema: kwa kuamini kwamba uchafu wa udongo ndio mama wa maradhi, aliihimiza Munich ijenge mifereji ya maji taka na kuusafisha mji, na homa ya matumbo, iliyokuwa ikiwala watu wa Munich kila mwaka, ikapungua sana. Na katika zama zizo hizo za Pettenkofer, mbali na Ulaya, tabibu James Christie aliyekaa Unguja aliyaona maradhi ya kipindupindu ya 1869 na 1870 yakiushukia mji, akafuatilia njia zake kwa subira, kutoka bara kwa misafara na pwani kwa majahazi, akachapisha kitabu chake London mwaka 1876. Humo msomaji aona wazi jinsi wafanyabiashara na mahujaji walivyokuwa wakichukua, pamoja na shehena zao, kitu ambacho hapana aliyekuwa bado amepata kukitia mkononi.

Aliyekuja kukitia mkononi alikuwa Robert Koch, yule yule ambaye baadaye alifika Dar es Salaam na Visiwa vya Sese kwa utafiti wa maradhi ya nchi zetu. Mwaka 1883 serikali ya Ujerumani ilimpeleka Misri, kipindupindu kilikokuwa kimezuka, na kilipotulia huko akakifuata hadi Kalkuta. Katika matumbo ya maiti aliona kijidudu kilichopinda mfano wa alama ya mkato. Akakiona tena katika bwawa moja la mjini ambamo watu walikunywa, wakaoga, na wakafua nguo za wafu wao. Mtaliana Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona Florence tangu 1854, bali hakusikilizwa. Koch alisikilizwa, na mwaka 1884 alirudi Berlin akapokewa kama jemadari aliyeshinda vita.

Lakini ushindi wake ulikuwa na kasoro ambayo mwenyewe aliijua. Kanuni zake za elimu zilitaka kijidudu kikitiwa katika mnyama mzima kimletee maradhi yale yale. Naye aliwalisha panya, nyani, paka na kuku, na wote wakabaki wazima. Ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingeweza kumpatanisha na mzee wa Munich kama wawili hao wangekuwa na moyo wa kupatana. Aliwachukua simbilisi, akawatia soda tumboni kuivunja nguvu tindikali, kisha akawapa afyuni ili matumbo yao yalegee yasipige haraka. Na katika hali hiyo iliyogeuzwa kwa mkono wa mtu, kijidudu kile kile kilichopita jana bila ya madhara kikawaua. Habari hiyo aliitoa Berlin mwaka 1885. Kijidudu hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni nyumba kilimoingizwa. Pettenkofer alikuwa ameitafuta y ardhini kwa miaka thelathini, na Koch akawa ameigusa tumboni mwa mnyama mdogo bila ya kuiita kwa jina hilo.

Miaka saba baadaye ikaja Hamburg. Mwezi wa Agosti 1892 maradhi yalishuka juu ya bandari hiyo kubwa, na yalipoondoka mwezi wa Oktoba watu karibu 17,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 8,600 wamekufa. Hamburg ilikuwa ikinywa maji ya mto Elbe kama yalivyo. Altona, mji uliopakana nayo hata mtu asiyejua hakuweza kuona mpaka, ulikuwa ukiyateka maji ya mto huo huo kwa upande wa chini, yaani baada ya uchafu wote wa Hamburg kumwagwa ndani yake, na kwa akili ya kawaida ungalipasa kuangamia zaidi. Haukuangamia. Ziko njia ambazo upande mmoja ulikuwa wa Hamburg na upande wa pili wa Altona, hewa moja, udongo mmoja, na maiti zilitolewa katika nyumba za upande mmoja tu. Tofauti ilikuwa kwamba Altona iliyachuja maji yake katika mchanga.

Yafaa kutua kidogo hapa kwenye mchanga huo, kwa sababu habari zake husimuliwa nusu. Mchanga mpya uliooshwa hauzuii vijidudu sana. Hufaa baada ya siku kadhaa za kupitisha maji, wakati juu yake unapojifanya utando mwembamba unaoteleza, rangi ya kahawia, mtu akiugusa akadhani ni uchafu wa kukwanguliwa. Na Koch mwenyewe aliandika mwaka 1893 kwamba utando huo ndio unaochuja. Nao umefanywa na nini? Umefanywa na viumbe vidogo visivyo na hesabu, bakteria wakiwa wengi miongoni mwao, ambao hushikamana na chembe za mchanga, wakanasa na kula kila kipitacho. Watu wa Altona, basi, waliokolewa na bakteria kutokana na bakteria, na wenyewe hawakujua.

Pettenkofer hakukubali kwamba maji ndiyo hoja ya mwisho, na ndipo alipokunywa bilauri yake. Alikwisha kusema kwamba hata akifa, atakufa katika kuitumikia elimu kama askari afavyo katika uwanja wa heshima. Hakufa. Alipatwa na kuharisha kwa siku chache, akaendelea kula na kufanya kazi zake, wakati vijidudu vilikuwa vikionekana kwa wingi katika choo chake. Siku kumi baada yake mwanafunzi wake, Rudolf Emmerich, naye alikunywa. Yeye aliugua zaidi ya mwalimu wake, bali naye akapona. Pettenkofer akatangaza kwamba amethibitisha neno lake: x pekee haiui.

Wakubwa wa Berlin hawakushawishika, na wengi wamemhesabu mzee huyu tangu siku hiyo kuwa ni mtu aliyeshindwa asijue kwamba ameshindwa. Yaweza kuwa mwili wake ulikuwa na kinga iliyobaki tangu alipougua 1854. Wapo waliosema pia kwamba waliompelekea mbegu ile walihisi makusudio yake, wakampa iliyodhoofika. Lakini kinga na udhaifu wa mbegu navyo si ushahidi dhidi yake. Vyote viwili vyasema lile lile alilokuwa akilisema, kwamba baina ya kijidudu na kifo lipo jambo la tatu. Aliacha kazi ya chuo mwaka 1894, akawazika wengi wa jamaa zake, na tarehe 10 Februari 1901, akiwa na umri wa miaka 82, akajiua kwa bastola.

Aliyeichukua hoja yake mahali ilipofaa kuchukuliwa alikuwa mtu wa Urusi aliyekaa Paris, katika Taasisi ya Pasteur, jina lake Élie Metchnikoff. Yeye pia alikunywa vijidudu, wala hakudhurika. Akawanywesha watu waliojitolea. Baadhi yao hawakupatwa na kitu, na mmoja nusura afe. Mwingine angaliridhika kusema kwamba miili hutofautiana. Metchnikoff aliuliza hutofautiana kwa nini. Akaotesha vijidudu vya kipindupindu katika vyombo pamoja na vijidudu vingine vya kawaida, akaona kwamba karibu na baadhi yao vilistawi kwa fujo, na karibu na wengine vilikonda au havikuota kabisa. Kisha akawachukua watoto wa sungura waliokuwa wangali wakinyonya, ambao matumbo yao hayajapata wakazi wengi, akawapa vijidudu vya kipindupindu pamoja na wale wenye kuvisaidia, nao wakapatwa na maradhi yanayofanana na ya wanadamu, jambo lililokuwa limewashinda mabingwa kwa sungura wakubwa. Kwa hiyo mahali ambapo Pettenkofer alipatafuta katika udongo wa Bavaria palikuwa ndani ya utumbo, na y ilikuwa umma wa bakteria wanaokaa humo tangu utotoni, ambao hushindania chakula na nafasi na mgeni yeyote aingiaye.

Baadaye Metchnikoff alivutwa na shauku yake mbali kidogo ya ushahidi, akaanza kuuona utumbo mpana kuwa ni mzigo usio na faida na maziwa mgando kuwa ni dawa ya uzee. Tusimlaumu sana kwa hilo. Mwaka 2014, zaidi ya miaka 110 baada ya sungura wake, wataalamu waliowachunguza wagonjwa wa kipindupindu nchini Bangladesh walieleza kwamba aina moja ya bakteria wa kawaida wa utumboni, ambao huongezeka mgonjwa anapopata nafuu, hutoa alama za kikemikali zinazokizuia kijidudu cha kipindupindu kisitawale. Jambo ambalo yeye aliliona katika vyombo vya kioo lilikuwa la kweli.

Kisa kingine cha kijidudu kukaa tumboni bila ya maradhi kilitokea mahali ambapo wazee wengi wa pwani yetu walipafahamu kwa sifa, yaani Tor, katika Rasi ya Sinai, palipokuwa na karantini ya mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka. Mwaka 1905 tabibu Felix Gotschlich alipasua maiti za mahujaji waliokufa huko kwa maradhi mengine, wasiokuwa na dalili hata moja ya kipindupindu, akakuta matumboni mwao kijidudu kilichofanana na kile cha Koch. Wataalamu wakabishana. Wengi wakakata shauri kwamba hicho ni jamaa asiye na madhara, wakakipa jina la El Tor na kukiacha. Mwaka 1937 kikaleta maradhi katika kisiwa cha Sulawesi, na bado wapo waliosita kukiita kipindupindu. Kisha mwaka 1961 kikatoka Sulawesi, kikaenea Asia, kikaingia Afrika mwaka 1970, na katika muongo huo huo kikafika pwani ya Afrika Mashariki, ambako hakijaondoka hata leo. Hicho ndicho kilichoachwa kwa kuwa hakina madhara.

Ni nini kilichokuwa kimetokea katikati? Jibu lilikuja vipande vipande. Mwaka 1959 tabibu wa Kalkuta, Sambhu Nath De, aliyekuwa akifanya kazi kwa vyombo vichache na fedha kidogo, alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi pande zote mbili, akatia ndani yake maji yaliyooteshewa vijidudu na kuchujwa mpaka hapakubaki kijidudu hata kimoja, na kipande kile kikajaa maji kikavimba. Basi kijidudu hakiingii damuni wala hakili nyama. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, na sumu hiyo huufanya utumbo umwage chumvi na maji ya mwili bila ya kusita, hata mtu mwenye nguvu akaweza kukauka katika saa chache. Nakiona kitendo hiki cha De kuwa kikubwa kuliko sifa alizopata. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos, nchini Marekani, wakaonyesha jambo la kustaajabisha zaidi: jeni za sumu ile asili yake si za kijidudu. Huletwa na virusi vinavyokiingia, na virusi hivyo hupata mlango wa kuingilia katika vinyweleo ambavyo kijidudu hicho huviota kinapokuwa katika hali kama zile za utumboni mwa binadamu.

Kwao hasa vijidudu hivi si utumboni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mtaalamu wa kike wa Marekani, Rita Colwell, alivitafuta vijidudu hivyo katika Ghuba ya Chesapeake, mahali pasipokuwa na mgonjwa wa kipindupindu, akavikuta, na kadiri miaka ilivyopita ikadhihirika kwamba vimo katika maji ya mdomo wa mito na ya pwani katika pande nyingi za dunia. Huishi vikiwa vimeshikamana na wanyama wadogo wa majini wa jamii ya kamba, waitwao kopepodi, ambao mtu mwenye macho mazuri huwaona kama nukta zinazorukaruka katika bilauri ya maji ya bwawa. Gamba la wanyama hao hufanywa kwa kitini, kitu kigumu ambacho viumbe wengi hawawezi kukimeng'enya. Vijidudu hivi hukimeng'enya, na kwa kazi hiyo hurudisha majini chakula ambacho kingezama na kupotea. Huko ni watumishi wa bahari, na wengi wao hawana hata hiyo sumu.

Hata walio na sumu hawaitoi ovyo. Ndani ya utumbo, zikikutana nao hali za humo, hufungua jeni zilizokuwa zimefungwa. Na ili wafike huko lazima waivuke tindikali: katika majaribio ya Maryland ya miaka ya 1970, yaliyofanywa kwa watu waliojitolea, ilidhihirika kwamba mtu aliyepewa bikaboneti kwanza aliweza kuugua kwa idadi ya vijidudu iliyo ndogo mara maelfu kuliko ile iliyohitajika bila ya hiyo. Soda ya Pettenkofer ilikuwa ya haki. Mtu mwenye njaa ya siku nyingi, ambaye tindikali yake imepungua, ameibeba soda hiyo mwilini mwake bila ya kuinywa.

Kwa sababu hiyo sioni kwamba yaliyotokea Goma mwezi wa Julai 1994 yaweza kuelezwa kwa kukitaja kijidudu peke yake. Wakimbizi wa Rwanda waliovuka mpaka kwa laki nyingi katika siku chache walifika wakiwa wamechoka na wenye njaa, juu ya ardhi ya jiwe la volkano ambalo jembe haliliingii, kando ya ziwa ambalo lilikuwa maji yao ya kunywa na mahali pao pa kuoga. Vyoo havikuchimbika, na makaburi hayakuchimbika. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kijidudu hicho hicho, wakati huo huo, kilikuwa kikielea juu ya kopepodi katika pwani nyingi tulivu bila ya kumdhuru mtu.

Colwell na wenzake wa Bangladesh, waliokwisha kujua kwamba vijidudu hupanda juu ya kopepodi, walifikiri kwamba kumzuia kopepodi ni kuwazuia abiria wake, na kopepodi, mdogo kama alivyo, hapiti katika kitambaa kilichokunjwa vema. Wakawafundisha wanawake wa vijiji vya Matlab kuichukua sari kuukuu, ambayo kwa kufuliwa mara nyingi nyuzi zake zimekaribiana kuliko za sari mpya, kuikunja angalau mara nne, kuifunga juu ya mdomo wa mtungi, na kuteka maji ya bwawa kupitia humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika nyumba zilizochuja, wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa asilimia 48. Miaka mitano baada ya wataalamu kuondoka walirudi kuuliza, wakakuta kwamba sehemu ya wanawake wale walikuwa wangali wakichuja, na kwamba nyumba ambazo hazikuchuja, lakini zilizungukwa na majirani wenye kuchuja, nazo zilikuwa zimepata nafuu.